Mdomo Nyuma ya Barakoa

Binti ninayemzungumzia hapa ni wa jirani zetu, hapa hapa Kimumu. Yeye na mama yake wamekubali niandike habari hii, ila jina lake na la kibanda alikotobolewa nimeyaacha nje, kwa kuwa sikukusudia kumwaibisha mtu. Vibanda vya namna ile viko vingi, na mabinti wa namna ile ni wengi zaidi. Siku hizi wavulana nao hawako nyuma.

Kimumu imebadilika sana. Zamani ukitoka mjini Eldoret kwa barabara ya Iten uliona mahindi na nyumba zilizoachana. Leo, ukikaribia njia panda ya Chepkoilel, ni ghorofa za kupangisha tu, bedsita juu ya bedsita, na wapangaji wengi ni wanafunzi. Palipo na wanafunzi hapakosi kinyozi, saluni, fundi wa simu na kibanda cha kupaka kucha. Kwenye kibanda hicho hicho cha kucha ndipo mtu hutobolewa sikio, pua, kitovu, na sasa mdomo.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na mdomo uliotobolewa. Wakubwa wenzangu wakisikia habari kama hii hukimbilia kulaumu tabia za kigeni, na kwa kweli wanakosea. Waturkana na Wapokot walitoboa mdomo wa chini na kuvaa pambo muda mrefu kabla ya kibanda chochote kufunguliwa Kimumu. Wanawake wa Kimakonde, kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, walivaa ndonya kwenye mdomo wa juu. Na hapa petu Uasin Gishu bado utawakuta akina kogo, yaani nyanya, wa Kikalenjin ambao ndewe za masikio yao zilitobolewa wakiwa wasichana, zikatanuliwa kidogo kidogo kwa vijiti vilivyoongezwa unene. Kogo wa binti huyu ni mmoja wao, na atarudi katika habari hii.

Ilikuwa Ijumaa jioni, mitihani imekwisha. Marafiki watatu waliingia kibandani pamoja, na binti wetu alikuwa wa pili katika zamu. Kijana mwenye kibanda alimtazama, akamwuliza swali moja tu: "Upande gani?" Hakumwuliza kama ana maradhi yoyote, kama anameza dawa, kama ana mimba, au kama mwili wake huvimba makovu. Upande wa kushoto, akajibu. Bei ilikuwa shilingi mia tatu, kipini ndani yake.

Hapo tusimame kidogo, kwa sababu dalili zilikuwa mezani, wazi kabisa, na wote watatu waliziona. Kilichotumika kilikuwa kile kibastola cha plastiki cha kutobolea masikio ya watoto. Kibastola hicho hakikati kwa sindano yenye makali: husukuma kipini butu kwa nguvu mpaka kipite. Kwenye ndewe ya sikio mtu huponea, lakini mdomo ni nyama nene yenye damu nyingi, na nyama hiyo hupondeka. Tena plastiki ya namna ile haiwezi kuingia kwenye mtambo wa mvuke wa kuua vijidudu, ule unaofikisha nyuzi 121 kwa robo saa, au nyuzi zaidi ya hizo kwa muda mfupi zaidi. Baada ya rafiki wa kwanza, kijana yule alikipangusa kwa pamba yenye spiriti, akaendelea. Spiriti hupunguza vijidudu, haivimalizi, na virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kukaa hai juu ya meza au kifaa kwa siku saba.

Glavu alivaa. Hilo binti alilikumbuka na kulisema kwa kumtetea. Lakini kwa glavu hizo hizo alishika simu kuhakikisha ujumbe wa M-Pesa wa rafiki wa kwanza umeingia, akaisukuma droo, akachagua kipini kutoka kwenye kiboksi kilichokuwa wazi, halafu akamshika binti mdomo. Glavu iliyoshika simu ni mkono mtupu. Ukiliona jambo hilo mahali popote, inuka uondoke, hata kama umeshalipa.

Dalili kubwa kuliko zote ilikuwa kipini chenyewe. Kilikuwa cha sikio: kifupi, chenye kizibo kile cha mikunjo kinachobana kwa nyuma. Mtobozi anayejua kazi yake huanza na kipini kirefu kuliko kinavyohitajika, chenye kisahani bapa upande wa ndani, kwa sababu anajua mdomo utavimba kesho yake. Uvimbe ukishashuka, mtu hurudi abadilishiwe kifupi. Kipini kifupi tangu siku ya kwanza hakiachi nafasi, na nyama inayovimba lazima itafute pa kwenda.

Nyumbani hakusema. Baba yake ni mkali kidogo, si mkali wa kupiga, ni wa kunyamaza wiki nzima. Binti akavaa barakoa. Tangu siku za korona barakoa haziishi ndani ya droo zetu, na mafua hapa Eldoret hayahitaji maelezo, baridi yetu inajulikana. Alikula baada ya wote, au akasema ameshiba. Mama aliona, akafikiri ni mapenzi. Mimi mwenyewe nilipishana naye njiani nikamsalimia, akaitikia, "Shikamoo mzee," sauti ikiwa nzito, nikamwambia ajifunike vizuri na baridi. Nani angejua?

Siku mbili tatu za kwanza mdomo ulivimba. Hapa ndipo penye mtego, kwa sababu mdomo uliotobolewa vizuri nao huvimba. Uvimbe wa siku tatu hadi tano, maumivu yanayopungua kila siku, na majimaji mepesi meupe yanayokauka kama ganda kuzunguka kipini, hayo ni ya kawaida. Yasiyo ya kawaida ni uvimbe unaopungua kisha ukarudi, maumivu yanayozidi badala ya kupoa, usaha mzito wa njano au kijani, harufu mbaya, tezi zinazouma chini ya taya, na homa. Vitabu vingi husema uangalie wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hujificha. Angalia ngozi inayovutika mpaka inang'aa, weusi unaokolea kuzunguka tundu, na joto. Weka nyuma ya kidole juu ya mahali hapo, kisha upande wa pili wa mdomo, ulinganishe.

Kwa binti wetu maumivu yalizidi. Akauliza marafiki, na kila rafiki alikuwa na dawa. Mmoja alimwambia apake spiriti asubuhi na jioni. Mwingine akasema Dettol. Wa tatu akasisitiza akizungushe kipini mara kwa mara kisije kikashikana na nyama, na kwa bahati mbaya ushauri huu ndio wengi wetu tulioupata utotoni tulipotoboa masikio, na bado tunaurithisha. Spiriti na dawa kali huunguza nyama changa inayojaribu kujishona. Kukizungusha kipini ni kulichana ganda na kuuingiza uchafu wake ndani ya tundu. Alifanya vyote vitatu kwa bidii, maana alitaka kupona upesi kabla hajagunduliwa.

Asubuhi moja alipitisha ulimi ndani ya mdomo asikute kile kizibo. Palikuwa laini. Akafurahi! Aliniambia hivyo mwenyewe: alifurahi, akadhani kidonda kimezoea. Ukweli ni kwamba kizibo kilikuwa kimezama, na ngozi ya ndani ya mdomo ilikuwa imeota juu yake. Nyama ya ndani ya mdomo huota haraka sana, na sifa hiyo inayotusaidia tunapojiuma ndiyo inayokizika kipini kilichobana. Siku hiyo, kama angekwenda kwa daktari wa meno au hata zahanati, kazi ingekuwa ndogo: ganzi kidogo, mkato mdogo, kizibo nje.

Badala yake alikwenda duka la dawa, akiwa bado na barakoa, akasema ana jino. Akapewa vidonge vya antibiotiki. Akameza siku mbili, uvimbe ukashuka, akaacha. Antibiotiki iliyokatizwa huweza kuua vijidudu dhaifu na kuviacha vile vikaidi vikijipanga. Na hata angemaliza dozi, dawa isingeweza kukitoa kipande cha chuma kilichozikwa ndani ya nyama.

Uvimbe uliporudi alishtuka kweli. Usiku, mbele ya kioo, akaamua kukitoa kipini mwenyewe. Alivuta. Sehemu ya mbele ikatoka pamoja na kijiti chake, kizibo kikabaki ndani. Akafikiri amemaliza. Kufikia asubuhi tundu la nje lilikuwa limeziba, na usaha sasa haukuwa na njia ya kutokea. Kosa hili hufanywa na watu wenye akili zao timamu, kwa sababu linaonekana kuwa la busara: kitu kinaniumiza, nakitoa. Lakini tundu lenye usaha likifungwa huwa jipu. Kipini kikiwa kimeshika vijidudu, kiache mahali pake mpaka daktari akione, isipokuwa yeye akuambie vingine.

Kogo ndiye aliyelifichua jambo hilo. Alikuja kuwatembelea, akawekewa chai, akamwona mjukuu akinywa kwa kuinamisha kichwa upande wa kulia, kila mara upande wa kulia. Hakuuliza. Alimwita karibu, akamshika kidevu, akaivuta barakoa chini. Mama alikuwa mlangoni. Kogo akanusa, akasema, "Hiki kimeoza. Nani anakiangalia?"

Swali hilo limenikaa. Alipotobolewa yeye, ilikuwa wazi kijijini nani anakiangalia kidonda. Kulikuwa na aliyetoboa, na aliyekuja kesho yake kutazama, na aliyejua lini kijiti kibadilishwe. Sisemi ya zamani yalikuwa safi zaidi, maana wasichana waliugua pia. Nasema kidonda hakikuwa siri ya mtu mmoja.

Jioni ile ile homa ikapanda, akapelekwa hospitali. Kidevu kilikuwa kimejaa mpaka chini ya taya, na hofu ya daktari, kama alivyomweleza mama baadaye, ilikuwa uvimbe usije ukashuka zaidi ukaibana njia ya hewa. Eksirei ilikionyesha kizibo waziwazi, kikiwa kimelala ndani ya mdomo. Alipasuliwa, usaha ukatolewa, akalazwa akiwekewa dawa kwa mshipa, akachomwa sindano ya pepopunda. Akapimwa virusi vya ukimwi na homa ya ini, na kuambiwa arudi kupimwa tena, kwa kuwa kipimo cha mapema hakitoshi. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zisingeweza tena kumfaa: huanzwa ndani ya saa 72 tangu mtu alipoingia hatarini, na saa hizo zilikuwa zimepita zamani, nyuma ya barakoa. Majibu yake yote yametoka salama. Kati ya wale wenzake wawili, mmoja alipona bila shida. Hilo nalo lazima nilitaje, kwa sababu ndilo linalowadanganya wengine.

Yeye alipata nafuu, amebaki na kovu. Wako waliopata mabaya zaidi. Mwaka 2002 huko Sheffield, Uingereza, kijana wa miaka 17 alitobolewa mdomo. Alikuwa amezaliwa na kasoro ya moyo. Vijidudu viliingia kwenye damu, na akafariki. Mama yake alijitokeza baadaye kudai sheria kali zaidi kwa wanaofanya kazi hii. Ilikuwa nchi tajiri, yenye hospitali kila mahali.

Nimeileta habari ya Sheffield kwa sababu ya swali lile ambalo binti wetu hakuulizwa. Ndani ya kinywa chetu daima mna vijidudu vingi, na tundu ni mlango wa kuingilia kwenye damu. Kwa mwenye moyo mzima, mwili huvidhibiti. Kwa mwenye vali mbovu, huweza kutua pale na kuula moyo. Nchi zetu zina vijana wengi ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, ile inayotokana na maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa, na baadhi yao hawajui. Ukichoka upesi kupanda ngazi kuliko wenzako, au uliwahi kuambiwa ukiwa mtoto kwamba moyo wako una kelele, usitoboe mdomo kabla hujaonana na daktari. Vilevile mwenye kisukari, mjamzito, na mwenye ugonjwa au dawa zinazopunguza kinga. Na mwenye historia ya makovu ya kuvimba, yale yanayoota kuliko jeraha lenyewe, ajitazame masikio na mabega kwanza. Sisi watu weusi tunayapata kuliko wengine, na kovu la namna hiyo mdomoni halifichiki.

Kuna pia madhara ya polepole ambayo hayampeleki mtu hospitali usiku. Kisahani cha ndani husugua ufizi wa meno ya mbele kila unapozungumza na kutafuna. Ufizi huo hurudi chini na mzizi wa jino ukabaki uchi. Watafiti waliokusanya tafiti za nchi mbalimbali wamekuta takriban nusu ya wenye vipini vya mdomo wana ufizi uliorudi chini, na ufizi ukisharudi hauoti tena wenyewe. Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani hushauri watu wasitoboe kinywa kabisa. Mimi siwezi kufika huko, najua vijana hawatanisikiliza, na pengine nami katika umri wao nisingesikiliza.

Basi kwa atakayetoboa: tafuta mtu anayetumia sindano mpya iliyo ndani ya pakiti yake, aifungue mbele ya macho yako, na aitupe mbele ya macho yako. Kipini kiwe kirefu kwa kuanzia, cha titani inayotumika mwilini, si bati la urembo lenye nikeli linalowasha ngozi. Akuambie lini urudi kubadilishiwa. Asipokuambia siku ya kurudi, hana nia ya kukuona tena.

Kidonda huchukua wiki sita hadi kumi na mbili kupona. Katika muda huo osha nje kwa maji ya chumvi mara mbili kwa siku. Yale ya hospitali yanayouzwa kwenye duka la dawa ndiyo bora, au robo kijiko cha chai cha chumvi kwa kikombe cha maji yaliyochemka na kupoa. Chumvi ikizidi huunguza, usiongeze kwa kudhani itaua zaidi. Sukutua kinywa baada ya kila mlo kwa maji safi au dawa ya kusukutua isiyo na pombe. Nawa mikono kabla ya kugusa, na ukiweza usiguse. Acha sigara, acha kubusu, na usinywee kikombe kimoja na mwenzako, hata kama ni maziwa ya mursik ya sherehe. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa safi hutuliza uvimbe wa siku za mwanzo. Kila siku pitisha ulimi upande wa ndani uhakikishe kisahani bado kiko juu ya nyama. Siku ukikikosa, nenda ukaonwe siku hiyo hiyo.

Nikimwuliza binti ni kitu gani hasa kilimchelewesha, hataji pesa. Anasema aliogopa kuulizwa kwa nini. Alijua akifika zahanati swali la kwanza litakuwa hilo, na akifika nyumbani litakuwa hilo pia. Kwa hiyo alibaki na kidonda chake peke yake, akikiangalia kwa taa ya simu, usiku.

Mimi nina watoto, na nikisema ningelipokea jambo kama hili kwa utulivu nitakuwa natia chumvi. Nadhani ningeanza na hasira, na hasira ingechukua siku mbili, na siku mbili katika habari hii zilikuwa nyingi sana. Sisi wazazi tuna haki ya kukasirika. Lakini ukimwona mwanao na kipini mdomoni, au amevaa barakoa siku ambayo hakuna anayekohoa nyumbani, mwite karibu penye mwanga, mwambie avute mdomo utazame ndani, mguse paji la uso, umwulize kiliuma zaidi jana au kinauma zaidi leo. Akisema leo, mtafutie boda au matatu umpeleke akatibiwe. Ya kwa nini mtayazungumza mkirudi.